Kuulinda na kuuendesha uwanja wa mtaa jijini Nairobi: mwongozo wa wakazi

Wakazi wengi wa Nairobi huanza kuupigania uwanja wa mtaa wao asubuhi wanapoamka na kuukuta umezungushiwa uzio wa mabati. Kufikia asubuhi hiyo, hatima ya uwanja huwa imekwisha kuamuliwa katika makaratasi: ramani ilichorwa upya, nambari ya kiwanja ikatolewa, au bajeti za miaka kadhaa zikapitishwa bila uwanja huo kutajwa hata mara moja. Mwongozo huu unaeleza jinsi kikundi cha wakazi kinavyoweza kuyafuata makaratasi hayo mapema, ili uwanja wa michezo, bustani au ukumbi wa jamii ubaki mali ya umma, utengewe fedha, na uwe na watu wa kuutunza baada ya mkandarasi kuondoka. Nimeuandika nikiifikiria Nairobi yenye wadi 85, lakini sheria kuu zinazotajwa humu ni za nchi nzima, na mkazi wa Mombasa, Kisumu au Nakuru anaweza kuufuata akibadilisha majina ya ofisi tu.

Hatua ya kwanza: jueni mwenye uwanja

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi serikali za kaunti bustani za kaunti, fuo, vifaa vya burudani na michezo, pamoja na maktaba. Kwa hiyo Uhuru Park, Jeevanjee Gardens, kumbi za jamii za mitaa ya Eastlands na viwanja vingi vya mpira vya mitaani viko chini ya kaunti. Hata hivyo, si kila penye nyasi ni pa kaunti. Msitu wa Karura na Arboretum husimamiwa na Huduma ya Misitu ya Kenya. Viwanja vya Nyayo na Kasarani ni vya serikali ya kitaifa. Uwanja ulio ndani ya ua wa shule ni wa shule. Na ukanda wa nyasi ulio kando ya barabara kuu huenda ni ardhi iliyohifadhiwa kwa ajili ya kupanua barabara, ambayo siku moja itachimbwa bila mtu kuombwa radhi.

Ndani ya kaunti yenyewe kazi imegawanyika. Miti, nyasi na usafi wa bustani ni kazi ya idara ya mazingira. Michezo, kumbi na maktaba ziko chini ya idara inayoshughulikia vijana, talanta na huduma za jamii. Mipaka na ramani ni za idara ya ardhi na mipango ya miji. Majina ya idara hizi hubadilika karibu kila gavana mpya anapoingia, lakini kazi ni zile zile, na barua iliyopelekwa idara isiyohusika inaweza kulala huko miezi sita bila kujibiwa. Andikeni barua moja kwa idara husika, kisha nakala zake mzipeleke kwa idara nyingine mbili, kwa msimamizi wa wadi na kwa mwakilishi wa wadi. Kila nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa na ile yenu ibaki kwenye faili, kwa kuwa barua isiyo na muhuri ni vigumu kuthibitisha baadaye kwamba ilifika.

Hatua ya pili: tafuteni karatasi za ardhi kabla hamjaomba hata bembea moja

Hii ndiyo hatua ambayo vikundi vingi huiruka, kwa sababu haina picha nzuri ya kupiga. Ni rahisi kumshawishi mwanasiasa alete magoli mawili na mipira kumi. Ni kazi ya kuchosha kukaa kwenye ofisi za ardhi kutafuta nambari ya kiwanja. Lakini uwanja ukishakosa karatasi, kila shilingi inayotumiwa juu yake ni ya kumtengenezea mnyakuzi.

Anzieni kwa majirani. Mwombeni mwenye nyumba inayopakana na uwanja awaonyeshe hati miliki yake ili mpate nambari ya kiwanja chake, kisha mtafute ramani ya upimaji ya eneo hilo katika idara ya upimaji wa ardhi. Humo mtaona kama uwanja wenu una nambari yake peke yake, kama umeandikwa kuwa eneo la wazi au la huduma za umma, au kama umekwisha kugawanywa vipande bila wakazi kujua. Mkishapata nambari, fanyeni upekuzi rasmi wa ardhi. Kwa Nairobi upekuzi huu sasa hufanywa kupitia mfumo wa Ardhisasa, uliozinduliwa Aprili 2021.

Matokeo ya upekuzi huwa ya aina tatu. Uwanja unaweza kuwa na hati iliyo kwa jina la kaunti, nayo ni bahati. Unaweza kuwa hauna hati yoyote, jambo lililo la kawaida mno, hasa katika mitaa iliyojengwa na kampuni za kibinafsi ambazo zilitakiwa kusalimisha ardhi ya huduma za umma kwa jiji lakini shughuli hiyo haikukamilishwa. Au unaweza kuwa na hati iliyo kwa jina la mtu au kampuni msiyoijua. Katika hali ya pili, ombi lenu la kwanza kwa kaunti lihusu upimaji, bikoni (alama za mipaka) na hati. Magoli na bembea vingoje.

Hali ya tatu isiwakatishe tamaa. Kifungu cha 40(6) cha Katiba kinasema kwamba ulinzi wa haki ya kumiliki mali hauhusu mali iliyobainika kupatikana kinyume cha sheria. Mwaka 2023, katika kesi ya Dina Management Limited dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kampuni iliyokuwa na hati ya kiwanja cha Nyali, ambacho awali kilitengwa kuwa eneo la wazi la umma, haikulindwa na hati hiyo, kwa kuwa mgao wa kwanza wenyewe haukufuata sheria. Kudai kwamba ulinunua kwa nia njema hakukutosha. Kila kikundi kinachotunza uwanja kingefaa kuwa na nakala ya hukumu hiyo kwenye faili.

Hatua ya tatu: sajilini kikundi

Ofisi ya serikali humsikiliza mkazi mmoja kwa adabu na kumsahau kwa haraka. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 inaruhusu watu kumi au zaidi kusajili kikundi kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii iliyo katika kaunti ndogo yenu. Mtahitaji katiba ya kikundi, orodha ya wanachama, viongozi waliochaguliwa na muhtasari wa mkutano. Katika kuwachagua viongozi, wawepo wanaoutumia uwanja kweli: kocha wa timu ya wasichana, mama anayeuza vitafunio langoni, mzee anayetembea humo alfajiri na kijana anayeosha magari pembeni. Kikundi kilichojaa wenye nyumba peke yao kitaanza kwa usafi na kumaliza kwa kufunga lango saa kumi na mbili jioni, saa ambayo vijana ndiyo kwanza wanatoka kazini.

Hatua ya nne: ombeni habari kwa maandishi, na kwa Kiswahili mkipenda

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaeleza namna ya kuitumia haki hiyo. Ombi linaandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Sheria yenyewe imezitaja lugha zote mbili. Hakuna ada ya kuwasilisha ombi, ila mnaweza kutozwa gharama ya nakala. Ofisi inapaswa kuamua ndani ya siku 21, na inaweza kujiongezea muda mara moja tu, usiozidi siku 14. Mkinyimwa au mkipuuzwa, mnapeleka malalamiko kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, yaani ofisi ya Ombudsman.

Msiulize maswali mapana kama vile "kaunti ina mpango gani na viwanja." Swali pana hujibiwa kwa hotuba. Ulizeni hivi: "Tunaomba nakala ya orodha ya bustani, viwanja na kumbi zote zilizo chini ya kaunti katika wadi yetu, zikiwa na nambari zake za ardhi; kiasi kilichotengwa na kilichotumika kwa kila moja katika miaka mitatu ya fedha iliyopita; jina la mkandarasi wa kila kazi; na tarehe ya kukabidhi kazi hiyo." Majibu ya maswali haya manne yatawapa nguvu kuliko maandamano matatu.

Hatua ya tano: ingieni kwenye kalenda ya bajeti

Hapa ndipo wakazi wengi hupotelea. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai 1 na kumalizika Juni 30, na watu wengi hupeleka maombi yao mwezi wa Mei au Juni, wanaposikia tangazo la kikao cha umma, wakati ambapo viwango vya matumizi ya kila idara vimekwisha kuwekwa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imepanga tarehe ambazo hazimngoji mtu. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, miezi kumi kabla mwaka wa fedha unaohusika haujaanza. Taarifa ya mikakati ya kifedha, ambayo ndiyo inayoweka ukomo wa kila idara, hufika bungeni kufikia Februari 28. Makadirio yenyewe ya bajeti hufika kufikia Aprili 30, na sheria ya kuidhinisha matumizi inapaswa kuwa tayari kufikia Juni 30.

Kwa hiyo ombi la kukarabati uwanja lifike kwa idara mwezi wa Julai au mapema Agosti, wakati mpango wa mwaka unapoandikwa. Likishaingia humo, kazi yenu mwezi wa Februari ni kuhakikisha idara husika haikupunguziwa fedha, na mwezi wa Mei ni kuangalia kama mradi bado umo ndani ya makadirio, kwa jina la uwanja na wadi yake. Maneno kama "ukarabati wa viwanja mbalimbali" katika kitabu cha bajeti ni ya kuogopwa. Fedha zilizoandikwa hivyo zinaweza kwenda popote. Nyuma ya yote haya uko mpango jumuishi wa maendeleo wa miaka mitano. Ulio wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Kama uwanja wenu haumo katika mpango huo, anzeni kujiandaa mapema kwa ule ufuatao.

Nairobi ina pia hazina ya maendeleo ya wadi, iliyoanzishwa kwa sheria ya kaunti ya 2014. Mwakilishi wa wadi ana sauti kubwa katika kuchagua miradi yake, na uwanja wa mpira ni mradi ambao mwanasiasa anaupenda kwa kuwa unaonekana. Itumieni hazina hiyo kwa vitu vinavyokamilika mara moja, kama vile uzio, choo au mfereji wa kuondoa maji ya mvua. Kitu kinachohitaji fedha kila mwezi msikitegemee hapo.

Waraka wenu wa maoni usizidi kurasa mbili. Uwe na jina la uwanja, nambari ya ardhi, ukubwa wake, hesabu ya watu wanaoutumia, orodha ya kazi zinazohitajika kwa mpangilio wa umuhimu, na kasma, yaani fungu la bajeti, mnayotaka kazi hizo ziwekwe. Hesabu ya watumiaji fanyeni wenyewe: vijana wawili wakae langoni Jumatano moja na Jumamosi moja tangu alfajiri hadi giza, waandike ni wanawake wangapi, watoto wangapi, na saa gani panajaa. Afisa wa bajeti hukutana na daftari la namna hiyo mara chache sana.

Hatua ya sita: dai gumu zaidi ni la kutunza

Mtaani kwetu tuliwahi kuwekewa bembea nne mpya. Zilizinduliwa kwa utepe na hotuba, na minyororo ilipokatika hapakuwa na kasma hata ya kununua kufuli. Sababu inaeleweka kwa mtu anayejua bajeti inavyogawanywa. Fedha za kaunti zimegawanyika katika matumizi ya maendeleo na matumizi ya kawaida, na sheria inaitaka kaunti itenge angalau asilimia 30 kwa maendeleo. Kujenga kuna ukomo wa chini unaolindwa na sheria, tena kuna mkandarasi, utepe na picha. Kukata nyasi, kulipa bili ya maji na ya stima, kubadilisha balbu, kumlipa mlinzi na mwenye kufyonza choo ni matumizi ya kawaida, yanayoshindana na mishahara, na ambayo hakuna mtu anayeyazindua.

Kwa maoni yangu, kikundi kinachoweza kupata kimoja tu kati ya jukwaa jipya la watazamaji na mlinzi wa kudumu mwenye mshahara, kichukue mlinzi. Katika kila waraka wa maoni, andikeni mradi na gharama ya kuutunza pamoja, sentensi moja isiyotenganishwa: "Tunaomba choo cha vyumba sita, pamoja na maji, sabuni na mhudumu mmoja, katika kasma ya matumizi ya kawaida ya kila mwaka." Kama kaunti haiwezi kuahidi sehemu ya pili, ombeni choo kidogo zaidi.

Vikundi vingine vimelitatua jambo hili kwa kuufanya uwanja ujilishe. Katika miradi ya maeneo ya umma ya Kibera, iliyojengwa kando ya mito na wakazi wakishirikiana na shirika la Kounkuey Design Initiative, kila eneo lilipangwa likiwa na kitu cha kuingiza fedha, kama vyoo vya kulipia, kioski cha maji, mahali pa kufulia au ukumbi wa kukodisha, na mapato hayo yanasaidia kulipia usafi na matengenezo. Huko Dandora, vijana waligeuza nyua za katikati ya nyumba, zilizokuwa majaa ya taka, zikawa mahali pa kuchezea watoto, na wakazi wenyewe huchangia utunzaji.

Hatua ya saba: andikianeni mkataba na kaunti

Kikundi kinachosafisha uwanja kwa hisani hakina haki yoyote siku kaunti inapobadilisha mawazo. Ombeni mkataba wa ushirikiano ulioandikwa. Mfano mzuri uko katika maktaba: tangu 2018 shirika la Book Bunk limeshirikiana na kaunti kukarabati maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931, pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, huku majengo yakibaki mali ya umma. Mkataba wenu ueleze muda wake, nani analipa maji na stima, nani anashika ufunguo, ada zipi zinaruhusiwa, na zaidi ya yote fedha zinaingia katika akaunti gani. Kifungu hicho cha mwisho msikiache wazi. Huko Karura, ambako Huduma ya Misitu na jumuiya ya Marafiki wa Msitu wa Karura wamesimamia msitu kwa pamoja kwa zaidi ya mwongo mmoja na kuufanya mahali salama pa kutembea, mvutano mkubwa ulizuka mwaka 2025 ilipoagizwa kwamba ada za kuingia zilipwe kupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo mtandaoni, na jambo hilo likafika mahakamani.

Ada za kukodi kumbi na viwanja vya kaunti huwekwa na Sheria ya Fedha ya kaunti, ambayo nayo hujadiliwa na umma. Kikundi kisitoze hata shilingi kumi ambayo haimo katika sheria hiyo au katika mkataba, kwa kuwa risiti moja isiyo halali inatosha kuwafukuzisha.

Hatua ya nane: pangeni ratiba ya matumizi

Uwanja usio na ratiba ni wa mwenye nguvu, na mara nyingi mwenye nguvu ni timu ya wanaume wazima. Gawanyeni juma kwa saa, mkianza na wanyonge: watoto wa shule baada ya saa tisa alasiri, timu ya wasichana siku mbili zisizohamishwa, wazee na wenye ulemavu asubuhi. Mashindano makubwa yaandikwe mapema. Kama Koth Biro ya Ziwani inavyoonyesha, shindano la mtaa linalorudi kila mwaka huleta wachuuzi, watazamaji na heshima inayoulinda uwanja kuliko uzio. Nyasi nazo zipewe mapumziko, hasa wakati wa mvua za masika, ambapo wiki mbili za kucheza kwenye tope huharibu kazi ya mwaka mzima.

Mikutano ya injili, harusi na siasa iwe na fomu moja, ada moja na amana ya usafi inayorudishwa. Anayeandaa mkutano wa hadhara ndiye anayepaswa kuwaarifu polisi, kati ya siku 3 na siku 14 kabla, kwa mujibu wa Sheria ya Utulivu wa Umma. Kikundi kiombe kuona nakala ya taarifa hiyo kabla ya kufungua lango. Vipaza sauti navyo vinahitaji kibali.

Mabati yakija

Msiyang'oe usiku. Pigeni picha zenye tarehe, andikeni nambari za magari, ripotini kituo cha polisi mpate nambari ya OB (kitabu cha matukio), kisha siku hiyo hiyo mpeleke barua kwa kaunti na kwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi, mkiambatisha ramani na upekuzi mlioufanya katika hatua ya pili. Watoto wasitangulizwe mbele. Januari 2015 wanafunzi wa shule ya msingi ya Langata Road walirushiwa vitoa machozi walipoupigania uwanja wao uliozungushiwa ukuta; uwanja ulirudishwa, lakini hakuna mzazi anayepaswa kulipa bei hiyo.

Mahakama ya Mazingira na Ardhi iko wazi kwenu kwa namna ambayo haikuwa wazi zamani. Mwaka 1989, Wangari Maathai alipokwenda Mahakama Kuu kupinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa Uhuru Park, kesi yake ilitupwa, na mradi ulikuja kufa kwa sababu ya barua nyingi alizowaandikia wakubwa wa ndani na nje ya nchi hadi wenye fedha wakaona aibu. Leo kifungu cha 70 cha Katiba kinasema kwamba anayedai haki ya mazingira safi halazimiki kuonyesha kuwa mtu yeyote amepata hasara au madhara. Ombeni kwanza amri ya kusimamisha ujenzi; hoja ya umiliki itafuata baadaye. Wakili wenu atakapouliza faili iko wapi, mpeni ile ya barua zenye mihuri, daftari la hesabu ya watumiaji na ratiba za miaka yote, kwa sababu jaji atataka kujua, pamoja na mambo mengine, kama uwanja huo umekuwa ukitumiwa na umma, tangu lini, na na nani.